Mtaalamu wa Vipepeo Afundisha Riwaya

Vladimir Nabokov alipoanza kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1948, alikuwa ametoka kwenye makumbusho ya wanyama ya Harvard. Huko alitumia miaka kadhaa akichungulia vipepeo kwa hadubini, akihesabu magamba ya mabawa yao mstari kwa mstari. Shahada ya uzamivu hakuwa nayo. Vipepeo alianza kuwakimbiza utotoni kule Urusi, kwa hiyo sidhani kama makumbusho ndiyo yaliyompa jicho. Yalimpa nidhamu ya kazi.

Sasa mtu wa namna hii ukimpa Kafka afundishe, utegemee nini? Wengine huanza na baba mkali, au upweke wa binadamu. Nabokov alitaka kwanza kujua Gregor Samsa kageuka mdudu gani hasa. Si mende, alisema: mende ni bapa, na huyu kabinuka mgongoni na tumboni pia. Basi ni mbawakawa, tena mkubwa kama mbwa. Akamchora. Akachora na ramani ya nyumba ya akina Samsa, mlango hadi mlango. Halafu akaongeza jambo ambalo tangu nilisome haliniondoki: mbawakawa ana mabawa laini chini ya lile ganda gumu la mgongo, na Gregor hakuwahi kugundua kuwa anayo.

Kwa *Anna Karenina* alichora behewa la usiku la treni. Kwa *Ulysses*, ramani ya Dublin. Mtihani wa *Madame Bovary* uliwataka wanafunzi waeleze macho ya Emma, nywele zake, mwavuli, hadi viatu. Sisi tuliolelewa kwa "jadili dhamira tatu za mwandishi" tungefeli wote, tena vibaya!

Lakini hadubini nayo ina upofu wake. Dostoyevsky alimdharau waziwazi, na mojawapo ya malalamiko yake ni kwamba riwaya zake karibu hazina mandhari wala vitu vya kuonekana kwa macho. Ni kweli kwa kiasi fulani, ila mimi naona hapo alimpima tembo kwa mizani ya kipepeo.

Mmoja wa waliokaa darasani mwake ni Ruth Bader Ginsburg, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Alisema mara nyingi kwamba Nabokov ndiye aliyebadilisha namna yake ya kusoma na ya kuandika. Nasikia raha kufikiri kwamba ndani ya hukumu zake, neno moja moja lilipangwa kwa mkono uliofunzwa na mhesabu magamba.