Chemsha bongo ya sikukuu ianzie kwenye sahani

Sikukuu zikikaribia, mabasi hushusha wageni Bunda, Butiama na Musoma. Watu wakishashiba, mara nyingi hutokea mmoja akaanzisha chemsha bongo. Pizza asili yake wapi? Sushi ni chakula cha nchi gani? Romeo na nani?

Mchezo huu una mzazi wake. Kabla ya redio na simu, jioni ilikuwa ya vitendawili. Mmoja aliita, "Kitendawili!", wenzake wakaitika, "Tega!" Aliyeshindwa alitoa mji ndipo akapewa jibu. Mafumbo yale yalihusu vitu vilivyo mbele ya macho: yai, moshi, kivuli. Maswali ya leo yanatoka mbali, kumbe vya mbali tunavila kila siku.

Tazama ugali wa udaga, tonge lake linavyonata vidoleni, na bakuli la mchuzi wa sangara kando yake. Udaga ni muhogo uliovundikwa, ukaanikwa juani, ukasagwa. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika karne ya 16. Mahindi nayo asili yake ni Mexico. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwani, aina nyingi za furu zikatoweka, na minofu yake ikapata soko Ulaya. Hata sato aliletwa miaka hiyohiyo ya 1950. Wenyeji hasa ni dagaa wa ziwani, na nafaka za Afrika yenyewe: mtama na ulezi.

Kwenye swali la watu wawili mashuhuri, Juliet hutajwa upesi. Na Julius je? Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Mkewe, Maria, alizaliwa mwaka 1930 huko Baraki, Rorya ya leo. Walifunga ndoa mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya chama cha TANU kuanzishwa. Mwalimu alipoacha kazi ya kufundisha mwaka 1955 ili aitumikie siasa, Maria aliendesha duka dogo Dar es Salaam familia ipate kula. Uhuru wetu una jasho la wote wawili.

Mwalimu hakuogopa cha kigeni. Alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikipokea cha watu huku akikijua cha kwao. Hivyo ndivyo chemsha bongo zetu zinavyopaswa kuwa.

Basi sikukuu ijayo, kabla ya kuuliza habari za sushi, waulize watoto sangara alifikaje Musoma, muhogo ulitoka bara gani, na Maria ni nani. Wakishindwa, usiwadai mji. Wapeleke Butiama, kwenye makumbusho ya Mwalimu, wakajionee.