Uraibu wa Michezo ya Kubahatisha: Dalili, Tiba na Wajibu wa Sera ya Umma

Michezo ya kubahatisha ni shughuli halali nchini Tanzania pale inapoendeshwa na kampuni yenye leseni na mchezaji akiwa ametimiza umri wa miaka 18. Kwa watu wengi hubaki kuwa burudani ya muda. Hata hivyo, kwa sehemu ya wachezaji hugeuka kuwa ugonjwa ambao mhusika hawezi kuuacha kwa nia pekee, na gharama yake hubebwa na kaya nzima. Makala haya yanaeleza asili ya ugonjwa huo, namna ya kuutambua, na hatua ambazo sheria na sera za umma huchukua ili kuudhibiti.

Ugonjwa unaotambuliwa kimataifa

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka uraibu wa michezo ya kubahatisha katika Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 1, 2022, katika kundi la maradhi yatokanayo na tabia za uraibu. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuorodhesha kuwa tatizo la kushindwa kudhibiti misukumo ya ndani. Mwaka 2013 chama hicho kiliuhamishia katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, baada ya utafiti kuonesha kuwa maradhi hayo yanafanana katika dalili, katika mwenendo wake na katika namna yanavyoathiri sehemu za ubongo zinazohusika na raha na maamuzi.

Kwa mujibu wa uainishaji wa WHO, ugonjwa huu una sifa kuu tatu. Ya kwanza ni mchezaji kushindwa kudhibiti ni lini anaanza, anacheza kwa muda gani na anaweka kiasi gani cha fedha. Ya pili ni mchezo kupewa kipaumbele kuliko kazi, familia na mahitaji mengine ya maisha. Ya tatu ni kuendelea kucheza, au kuongeza kasi, licha ya madhara yanayoonekana wazi. Kwa kawaida hali hiyo huangaliwa kwa kipindi cha miezi 12, ingawa muda huo unaweza kufupishwa dalili zinapokuwa kali.

Kwa nini ni vigumu kuacha

Ushindi katika michezo hii huja bila mpangilio unaotabirika, na malipo ya namna hiyo ndiyo hujenga mazoea yaliyo magumu zaidi kuyavunja. Kukosa kwa tofauti ndogo, kama vile mkeka wa mechi 10 unaochanwa na mechi moja ya mwisho, humfanya mchezaji ajione kuwa yu karibu na ushindi, ilhali hasara yake ni sawa na ya aliyekosa mechi zote. Hapo ndipo huanza tabia ya kuongeza dau ili kurudisha fedha iliyopotea.

Hesabu zenyewe haziko upande wa mchezaji. Mtu mwenye uwezo wa kubashiri kwa usahihi mechi sita katika kila 10 atapata mkeka kamili wa mechi 10 mara moja tu katika takriban mikeka 165. Aidha, kampuni hupunguza malipo chini ya thamani halisi ya nafasi ya ushindi. Tukio lenye nafasi sawa ya kutokea au kutotokea lingestahili kulipwa mara 2.00 ya dau, lakini likilipwa mara 1.90, mchezaji anayeweka shilingi 1,000 mara 100 atarajie kurejeshewa wastani wa shilingi 95,000 kati ya 100,000. Matukio 10 ya aina hiyo yakiunganishwa katika mkeka mmoja, makato hayo hujizidisha, na wastani wa marejesho hushuka hadi takriban shilingi 600 kwa kila 1,000. Ushindi mkubwa wa mtu mmoja unaotangazwa haubadilishi hesabu hiyo.

Simu ya mkononi imeongeza uzito wa tatizo. Zamani mchezaji alilazimika kufika dukani au kasino, na safari ya kurudi nyumbani ilimpa muda wa kutafakari. Sasa mchezo, fedha na mkopo wa kidijitali vinapatikana katika kifaa kimoja, saa 24.

Dalili za kuangalia

Vigezo vya mwaka 2013 vinataja dalili tisa, na mtu mwenye dalili nne au zaidi ndani ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu. Dalili hizo ni kuhitaji dau kubwa zaidi ili kupata msisimko uleule. Kukosa utulivu anapojaribu kupunguza. Kushindwa mara kwa mara kuacha. Kuwaza mchezo muda mwingi. Kucheza anapokuwa na msongo wa mawazo. Kurudi kesho yake kufuata fedha iliyopotea. Kudanganya kuhusu kiwango anachocheza. Kuhatarisha ndoa, masomo au ajira. Na kutegemea wengine wamwokoe kifedha.

Katika kaya, ishara za mwanzo mara nyingi huwa ni fedha ya ada au kodi ya nyumba kukosekana bila maelezo, vitu vya ndani kuuzwa, na madeni yaliyofichwa, ikiwemo mikopo ya riba kubwa ijulikanayo kama kausha damu. WHO inaeleza kuwa kwa kila mtu anayecheza kwa kiwango cha hatari kubwa, wastani wa watu wengine sita huathirika, wengi wao wakiwa hawachezi kabisa. Uraibu huu huambatana pia na sonona, ukatili majumbani na hatari ya mtu kujitoa uhai.

Msingi wa sheria nchini

Tanzania Bara husimamia sekta hii kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa mwaka 2003. Sheria hiyo ilianzisha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Wizara ya Fedha, yenye jukumu la kutoa leseni, kukagua waendeshaji na kulinda umma. Kasino, mashine za sloti, bahati nasibu, ubashiri wa matokeo ya michezo na michezo ya mtandaoni vyote vinahitaji leseni, na ni marufuku kumruhusu mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza.

Nchi jirani zimechukua mikondo tofauti. Uganda, kupitia sheria ya mwaka 2016, iliweka umri wa chini kuwa miaka 25. Kenya ilisitisha matangazo ya michezo ya kubahatisha kwa siku 30 kuanzia mwishoni mwa Aprili 2025, na mwaka huohuo ikapitisha sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966.

Sera inapoelekezwa kwenye mchezo wenyewe

Kwa muda mrefu ulinzi wa mchezaji katika nchi nyingi umetegemea ujumbe wa kumtaka acheze kistaarabu. Ujumbe huo una manufaa kwa mtu mwenye afya. Kwa mraibu hauna nguvu, kwa kuwa unamtaka atumie uwezo uleule wa kujidhibiti ambao ugonjwa umeuharibu. Kwa sababu hiyo, nchi kadhaa zimeelekeza hatua zao kwenye mchezo wenyewe, fedha inayouendesha na matangazo yanayouchochea.

Norway iliondoa mashine za sloti za waendeshaji binafsi Julai 2007. Mashine zilizoletwa baadaye chini ya kampuni ya serikali zilihitaji kadi ya mchezaji yenye ukomo wa hasara, na simu za kuomba msaada zilipungua. Uingereza ilipunguza dau la juu la mashine za ubashiri madukani kutoka pauni 100 hadi pauni 2 Aprili 2019, na Aprili 2020 ikapiga marufuku kucheza kwa kadi za mkopo. Kampuni za mtandaoni nchini humo zinalazimika kujiunga na mfumo wa pamoja ambao mtu akijisajili mara moja hufungiwa na kampuni zote. Tangu Aprili 2025, waendeshaji hulipa tozo ya lazima, na nusu ya mapato yake huelekezwa kwenye matibabu. Italia ilipiga marufuku matangazo ya michezo hii kwa sheria ya mwaka 2018.

Hatua hizo zinagusa suala gumu la mapato. WHO inakadiria kuwa takriban asilimia 60 ya mapato ya sekta hii duniani hutokana na watu wanaocheza kwa viwango vyenye madhara. Hivyo, sera inayofanikiwa kupunguza uraibu hupunguza pia mauzo na kodi, na Serikali yoyote hulazimika kupima mapato hayo dhidi ya gharama za hospitali, ndoa zinazovunjika na nguvu kazi inayopotea.

Tiba na mahali pa kuanzia

Uraibu huu unatibika. Tiba yenye ushahidi zaidi ni ya kisaikolojia inayolenga fikra na tabia, ambapo mgonjwa hufundishwa kutambua vichocheo, kurekebisha imani potofu kuhusu bahati na kukabiliana na hamu ya kurudia. Sonona au matumizi ya pombe vikiwepo, hutibiwa sambamba. Ikumbukwe pia kuwa baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinaweza kuamsha hamu isiyo ya kawaida ya kucheza. Mgonjwa anayeona badiliko hilo amweleze daktari wake, wala asisitishe dawa mwenyewe.

Mwananchi anayehitaji msaada anashauriwa kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa ya kwenda kwenye huduma za afya ya akili. Anaweza pia kuiomba kampuni ifunge akaunti yake, kuondoa programu za kubeti kwenye simu na kumkabidhi mtu anayemwamini usimamizi wa fedha zake kwa muda.

Kwa upande wa familia, kulipa madeni ya mraibu bila yeye kuanza matibabu mara nyingi humpa mtaji wa kurudi mchezoni. Msaada wenye manufaa zaidi ni kulinda kwanza fedha za chakula, ada na pango, kisha kumsindikiza mgonjwa hospitalini kama ambavyo angesindikizwa mgonjwa mwingine yeyote. Iwapo mhusika anazungumzia kujiua, apelekwe kituo cha afya mara moja na asiachwe peke yake.