Gari Dogo la Shizuoka

Tamiya ilianza mwaka 1946 mjini Shizuoka, Japani, ikiwa kampuni ya mbao. Baadaye ikatengeneza mifano ya mbao, na kufikia mwaka 1960, soko lilipoelemea kwenye plastiki, nayo ikafuata. Mwaka 1967 ilitoa gari la mashindano la Honda RA273 kwa kipimo cha 1 kwa 12, likiuzwa vipande vipande ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe.

Leo wakusanyaji hulitafuta likiwa bado ndani ya boksi. Ukiliunganisha, thamani yake sokoni hushuka. Usipoliunganisha, lengo la mtengenezaji halitimii. Kwa maoni yangu, machache yahifadhiwe yalivyo kama ushahidi wa kiwanda, na mengine yaunganishwe, kwani ndivyo vijana wa wakati ule walivyoyajua.