Kutoka Kikundi cha Redio hadi Ikisiri ya Kongamano: Lugha na Nafasi ya Kijiji katika Historia ya Teknolojia ya Elimu Tanzania

1.0 Utangulizi

Issenye iko mkoani Mara, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mtoto anayekulia huko hupitia ngazi tatu za lugha. Nyumbani huzungumza Kiisenye, lugha ya Kibantu iliyo karibu sana na Kiikoma na Kinata. Katika shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Makala haya yanajadili kwamba matumizi ya vyombo vya habari katika elimu nchini yamepanda ngazi hizohizo, na kwamba katika kila ngazi wenye nafasi ya kusema wamepungua. Jambo hilo linadhihirika zaidi katika utaratibu unaoonekana kuwa mdogo, yaani uwasilishaji wa mapendekezo ya mada kwenye makongamano ya kitaaluma.

2.0 Redio na Vikundi vya Kusikiliza

Mwaka 1969 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kutumia redio pamoja na vikundi vya masomo kupitia mfululizo wa Kupanga ni Kuchagua. Ulifuatiwa na Uchaguzi ni Wako (1970), Wakati wa Furaha (1971), na kisha Mtu ni Afya (1973), kampeni iliyodumu kwa wiki 12 na kuwafikia watu wapatao milioni 2. Mada zake zilihusu maradhi ambayo wanakijiji waliyajua kwa majina: malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, au kusafisha kisima. Redio haikumaliza mazungumzo bali iliyaanzisha. Lugha ilikuwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wa Mara kilikuwa lugha ya pili. Hata hivyo, asiyejua kusoma aliweza kusikia, na aliyesikia aliweza kujibu. Ni kweli kwamba ajenda ilitoka juu. Lakini uamuzi wa mwisho ulitolewa na wanakikundi wenyewe, mahali walipoishi.

3.0 Maarifa Yanapoondoka Kijijini

Taarifa inayojulikana zaidi kuhusu Mtu ni Afya iliandikwa na Budd L. Hall kwa Kiingereza na kuchapishwa Washington mwaka 1978. Miaka miwili kabla, mnamo Juni 1976, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Kimataifa wa Elimu ya Watu Wazima na Maendeleo, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliuhutubia. Kwa njia hizo uzoefu wa vijiji vya Tanzania ulifika mbali na kuheshimiwa. Hata hivyo, ulifika bila wenyewe: mwanakikundi aliyechimba choo hakuweza kusoma yaliyoandikwa juu yake, wala kuyasahihisha.

4.0 Ikisiri kama Mlango

Mei 2011 jiji hilohilo lilipokea eLearning Africa, kongamano la teknolojia ya elimu lililoanzia Addis Ababa mwaka 2006 na kuandaliwa na kampuni ya ICWE ya Berlin. Lugha zake kuu ni Kiingereza na Kifaransa. Anayetaka kuzungumza katika kongamano la aina hiyo hutuma pendekezo kwa njia ya mtandao: kichwa cha mada, ikisiri fupi, na maelezo ya mbinu na matokeo. Wasomaji wasiomfahamu hulipima, hulikubali au hulikataa.

Utaratibu huo una sababu zake. Mtathmini wa Dakar hawezi kupima andiko asilolielewa, na lugha za pamoja huwakutanisha Waafrika ambao vinginevyo wasingesikilizana. Hata hivyo, mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha kwa Kiswahili hulazimika kwanza kutafsiri darasa lake, na yanayopotea katika tafsiri mara nyingi ndiyo yenye thamani: jinsi wanafunzi walivyouliza, walivyobishana na walivyoelewa. Akishindwa kutafsiri, kinachoonekana kukosa ubora ni darasa lake, ilhali kilichokosekana ni lugha ya fomu.

5.0 Hitimisho

Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Heshima hizo zitapimwa kwa mambo madogo, ikiwemo fomu ya pendekezo. Makongamano yanayofanyika Afrika Mashariki yanaweza kupokea ikisiri za Kiswahili, kuteua watathmini wanaoimudu lugha hiyo, na kubeba wenyewe mzigo wa tafsiri. Mtu ni Afya ilithibitisha mwaka 1973 kwamba teknolojia huelimisha pale msikilizaji anapopewa zamu ya kusema. Mwalimu wa Issenye bado anaingojea zamu hiyo.