Baridi Yabisi ya Watoto: Jina na Ugonjwa

Mtoto wa miaka mitatu anaamka akichechemea, goti limevimba, na kufikia saa nne asubuhi anakimbia na wenzake. Nyumbani patasemwa mambo mawili: ameanguka, au ameingiwa na baridi. Dhana hii ya pili imo ndani ya jina tulilozoea, baridi yabisi, na kwa sababu yake mtoto huvalishwa soksi na kukandwa kwa mafuta miezi mizima huku goti likiharibika.

Yabisi, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kitu kikavu, kilichokakamaa. Hilo halina ubaya, kwani kiungo hukakamaa kweli, hasa asubuhi au mtoto anapoinuka baada ya kukaa sana. Tatizo ni baridi. Hewa ya baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini haileti ugonjwa; watoto wa pwani yenye joto nao huupata. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huushambulia utando laini uliofunika kiungo kwa ndani. Utando hunenepa, maji hujaa, kiungo huvimba na kupata joto. Hali hiyo huitwa mchochota katika lugha ya tiba, nami nalipendelea neno hilo kwa kuwa linataja kinachotendeka mwilini.

Mwaka 1897 daktari George Frederic Still wa London alieleza habari za watoto 22 wenye maradhi haya, akaonyesha kwamba baadhi yao walikuwa na ugonjwa tofauti na ule wa watu wazima. Baadaye Marekani na Ulaya ziliuita kwa majina mbalimbali, hadi wataalamu walipoafikiana jina moja miaka ya 1990 na kuurekebisha mpangilio wake huko Edmonton, Kanada, mwaka 2001. Kwa Kiswahili ningeliandika hivi: mchochota wa viungo wa watoto usiojulikana chanzo. Ni refu, lakini kila sehemu ina kazi. Ni wa watoto kwa kuwa umeanza kabla ya mgonjwa kutimiza miaka 16. Mchochota wenyewe uwe umedumu angalau wiki 6. Na kusema chanzo hakijulikani ni kusema kwamba magonjwa mengine yametafutwa yakakosekana: kifua kikuu cha mifupa, usaha ndani ya kiungo, selimundu, saratani ya damu. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachomaliza shauri.

Usichanganywe na homa ya baridi yabisi. Hiyo hufuata maambukizi ya koo, maumivu yake huhama kutoka kiungo hadi kiungo, na huweza kuharibu moyo. Mgonjwa wake huhitaji penisilini kwa miaka. Mwenye mchochota wa viungo, penisilini haimsaidii. Majina mawili yanayofanana hivi ni hatari katika chumba cha daktari.

Nina shaka pia na neno sugu. Kwa wengi wetu, malaria sugu ni ile iliyoshinda dawa. Mzazi akiambiwa mwanawe ana ugonjwa sugu, anaweza kurudi nyumbani akiamini hakuna tiba. Afadhali aambiwe ni ugonjwa wa muda mrefu, kwa sababu tiba ipo. Ibuprofeni hupunguza maumivu na uvimbe. Sindano ya steroidi ndani ya goti inaweza kulituliza kwa miezi kadhaa. Methotreksati huituliza kinga yenyewe. Hutolewa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Zipo pia dawa za kibayolojia, zilizo ghali, na kabla ya kuzianza mtoto hupimwa kifua kikuu. Mazoezi ya viungo hayangoji dawa zimalize kazi: goti lisilonyooshwa hubaki limekunjika. Na goti lenye mchochota hupata damu nyingi, hivyo mguu huo unaweza kurefuka kuliko mwenzake.

Hata jina nililolipendekeza lina upungufu, kwa kuwa linataja viungo peke yake. Mchochota huu huweza kuingia ndani ya jicho, hasa kwa watoto wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba. Mara nyingi jicho haliwi jekundu, haliumi, na mtoto halalamiki, huku uoni ukipotea. Kwa hiyo watoto walio katika hatari kubwa hupimwa kila miezi 3 kwa darubini maalumu ya macho, hata kama goti limeshapona.