Kimondo
Neno kimondo, ambalo wazee wa pwani walilihusisha na kinga cha moto anachorushiwa shetani, hubeba maana mbili zinazotenganishwa na wanasayansi, yaani mwali unaokatiza angani na jiwe lenyewe linalofika ardhini. Kwa wasomaji wa Busia na Tororo, wanaotumiana simuni picha za sayari, mfano ulio jirani ni vimondo vilivyoanguka Mbale, kaskazini mwa Tororo, tarehe 14 Agosti 1992, ambapo kipande cha gramu zisizofika 4, kilichopunguzwa kasi na jani la mgomba (bahati iliyoje!), kilimgonga mvulana kichwani bila kumjeruhi. Basi neno kimondo libaki jina la jiwe, na mng'ao uitwe mwali wa kimondo.