Mkono Uliochora kwa Kusikia



Wapendwa waamini, tarehe 15 Agosti 1934, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria, watu wawili walishuka vilindini karibu na visiwa vya Bermuda, katika Bahari ya Atlantiki. William Beebe na Otis Barton, wakiwa wamejifungia ndani ya tufe la chuma lililoning'inizwa kwa kamba ya chuma, walifika kina cha mita 923. Kabla yao hakuna aliyefika huko akarudi hai.

Kupitia dirisha dogo Beebe aliwaona samaki waking'aa gizani, akawasimulia kwa simu. Juu baharini Gloria Hollister alisikiliza na kuandika. Kutokana na maneno hayo, mchoraji Else Bostelmann aliwapa samaki wale umbo na rangi.

Mama huyu alizaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1882, akahamia Marekani mwaka 1909. Alikuwa mjane mwenye binti alipojiunga na kazi ya Beebe mwaka 1929. Kwenye maji ya kina kifupi alishuka mwenyewe, amevaa kofia ya kupigia mbizi, akachora akiwa chini ya maji. Lakini vilindi vile hakuviona kamwe. Alisikiliza, akachora, kisha akarekebisha pamoja na Beebe mpaka picha ilipolingana na ushuhuda. Wasomaji wengi wa gazeti la National Geographic waliijua bahari kuu kwa mkono wake. Alifariki mwaka 1961.

Hata hivyo, baadhi ya samaki hao, kama yule aliyepewa jina Bathysphaera intacta, hawajathibitishwa na mtaalamu mwingine hadi leo. Waliegemea macho ya mtu mmoja. Imani yetu haikujengwa hivyo: Mitume walikuwa wengi, nao waliutia muhuri ushuhuda wao kwa damu.

Mtakatifu Paulo awafundisha Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Nasi hatukuliona kaburi wazi. Tulisimuliwa na wazazi na makatekista. Je, picha ya Kristo tunayowachorea watoto wetu hulingana na ushuhuda tuliopokea, au tumeongeza rangi zitupendezazo na kufuta zile zinazotusuta? Juma hili, kabla ya kumfundisha mtoto sala, tuketi kwanza tuisikilize Injili.